Mwezi wa Kwanza Japani: Kuanzia Viatu Mlangoni Hadi Siku ya Takataka

Mtalii husamehewa karibu kila kitu Japani. Mkaazi husamehewa mwezi mmoja hivi, kisha watu hunyamaza, na ukimya huo ndio utakaokusumbua, kwa sababu hakuna atakayekwambia umekosea wapi. Kwetu ukikosea utaitwa, utasemwa, shangazi atakucheka, yakaisha. Kule utakuta karatasi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa jengo: picha ya mfuko wa takataka, alama ya X nyekundu juu yake, na maneno ya upole yanayowaomba "wakaazi wote" wazingatie utaratibu. Wakaazi wote ni wewe.

Mwongozo huu basi ni wa anayekwenda kukaa: mwanafunzi wa udhamini, mfanyabiashara wa magari yaliyotumika, mume au mke anayemfuata mwenzake. Nimeupanga kwa jinsi mambo yatakavyokukuta. Kabla ya yote weka neno moja kichwani: meiwaku. Ni kero unayomtwisha mwingine kwa kujisahau wewe. Ukikwama usijue la kufanya, jiulize nani atapata kazi ya ziada kwa sababu yako. Mara tisa kati ya kumi utapata jibu bila kujua Kijapani.

Hatua ya 1: Makaratasi, ndani ya siku 14

Ukishuka kwenye uwanja mkubwa kama Narita au Haneda na viza ya muda mrefu, unapewa kadi ya ukaazi papo hapo. Tembea nayo kila siku. Si kitu cha kuacha kabatini, polisi wana haki ya kukuuliza. Ukishapata pa kuishi, una siku 14 za kwenda ofisi ya manispaa kuandikisha anwani. Siku hiyohiyo jiandikishe kwenye bima ya afya ya taifa: ukiugua, wewe utalipa asilimia 30 ya gharama na bima italipa iliyobaki. Mwanafunzi asiguse kibarua kabla ya kupata kibali cha uhamiaji, na akikipata mwisho wake ni saa 28 kwa wiki wakati wa masomo.

Amua mapema jina lako litaandikwaje kwa katakana, herufi zao za maneno ya kigeni, kisha usibadilishe. Asha, Juma na Neema hupita salama. Halima atakuwa Harima na Lulu atakuwa Ruru, kwa sababu hawana L. Mbwana na Mwanaidi waongezewe irabu wakubali tu. Benki ikiandika hivi na mwenye nyumba vile, utazungushwa wiki nzima.

Hatua ya 2: Mlangoni

Kila nyumba ina genkan, kijisehemu cha kuingilia ambacho sakafu yake iko chini kidogo kuliko ya ndani. Hapo ndipo viatu vinapoishia. Vua ukiwa umesimama upande wa chini, panda juu kwa soksi bila kukanyaga tena palepale ulipokuwa na viatu, kisha inama uvigeuze vidole vielekee mlangoni, tayari kwa kutokea. Aliyelelewa akivua viatu kwenye baraza la msikiti ana nusu ya somo hili tayari. Nusu iliyobaki ni soksi. Utavua viatu kwa mwenyeji, kwenye baadhi ya migahawa, kliniki nyingine, shuleni kwa mtoto. Soksi iliyotoboka kidole gumba itakufedhehesha siku usiyoitarajia.

Ndani utapewa sapatu. Utazivaa kwenye sakafu ya mbao, utazivua ukifika chumba cha tatami. Tatami ni ndugu wa jamvi letu, limefumwa kwa nyasi na kufungwa kingo kwa kitambaa, na halikanyagwi na chochote isipokuwa soksi au mguu mtupu. Kisha kuna sapatu za chooni, ambazo huishi chooni na hazitoki. Mimi nilitoka nazo. Nilikuwa mgeni wa chakula cha jioni, nikarudi mezani nimezivaa zikiwa zimeandikwa "choo" kwa mbele, nikakaa. Mama mwenye nyumba hakusema neno. Alikwenda akaleta sapatu zangu, akaziweka karibu na miguu yangu taratibu kama anayemvisha mtoto.

Choo chenyewe kina paneli ya vibonye. Kampuni ya TOTO ilianza kuuza aina hiyo, Washlet, mwaka 1980, na kwa sisi tuliozoea maji ni neema: hakuna kuhangaika na kopo. Ila jifunze herufi moja kabla hujabonyeza chochote: 止, simamisha. Karatasi ya chooni hutupwa humohumo chooni.

Hatua ya 3: Majirani

Desturi ni kwamba anayehamia ndiye anayejitambulisha, si majirani kuja kumkaribisha. Zamani ilisemwa ni nyumba tatu za mbele na mbili za ubavuni. Kwenye jengo la vyumba, gonga wa kulia, wa kushoto, wa juu na hasa wa chini, maana huyo ndiye atakayesikia miguu yako. Beba zawadi ndogo ya yeni 500 hadi 1,000 hivi: taulo, sabuni, biskuti zilizofungwa vizuri. Sema jina, sema "yoroshiku onegai shimasu", yaani naomba tuishi vizuri, inama, ondoka. Dakika moja yatosha. Usitarajie kuambiwa ingia unywe chai. Kwenye miji mikubwa vijana wengi wanaoishi peke yao wameiacha desturi hii, na mwanamke anayeishi peke yake ana sababu nzuri ya kutojitangaza. Lakini mgeni akiifanya hununua akiba ya uvumilivu, na utaihitaji.

Utaarifiwa pia kuhusu chonaikai, jumuiya ya mtaa, yenye michango midogo, siku ya kufagia, na ubao wa matangazo unaopitishwa nyumba hadi nyumba: ukisoma, unaweka alama, unampelekea anayefuata. Kwa aliyekulia chini ya balozi wa nyumba kumi hakuna ugeni hapo, isipokuwa kwamba watu hufika kwa wakati.

Hatua ya 4: Takataka

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi wanapopoteza heshima.

Siku ya kuandikisha anwani omba kalenda ya takataka ya eneo lako. Manispaa nyingi zinayo kwa Kiingereza, nyingine kwa lugha kadhaa. Ibandike ukutani jikoni. Usitumie ya rafiki wa mji wa jirani: kila manispaa ina sheria zake, na kinachoungua kwake kwako huenda hakiungui. Kamikatsu, mji mdogo wa mkoa wa Tokushima, unatenga takataka katika makundi zaidi ya 40. Kwako huenda yakawa sita au nane tu, kwa hiyo usilalamike.

Kwa kawaida utakuta haya. Zinazoungua, moeru gomi: mabaki ya chakula, karatasi chafu, mara mbili kwa wiki. Zisizoungua, mara chache kwa mwezi. Plastiki za vifungashio, zenye alama ya プラ, zisuuzwe kwanza. Makopo na chupa za glasi. Magazeti na maboksi, yafungwe kwa kamba. Na chupa za maji na soda: toa kifuniko, bandua lebo, suuza, ponda. Kifuniko na lebo vinaenda kwenye plastiki, chupa yenyewe inakwenda kwake. Ndiyo, ni chupa moja.

Weka mifuko sehemu iliyotengwa asubuhi ya siku husika, mara nyingi kabla ya saa mbili, si usiku wake. Angalia kama manispaa yako ina mifuko maalumu inayouzwa dukani. Pasipo na mifuko maalumu, ununue inayoonyesha ndani. Funika kwa wavu uliopo hapo. Wavu ni kwa ajili ya kunguru, na kunguru wa Tokyo wakikutana na wale wa Dar es Salaam watawaita wanangu. Mfuko usiofunikwa wataupasua wautawanye barabara nzima, na atakayefagia ni jirani.

Godoro, meza, kabati: hizo ni takataka kubwa. Unapiga simu au unajaza fomu mtandaoni, unaambiwa bei na siku, unanunua stika kwenye konbini, duka dogo la bidhaa za kila siku, unabandika, unatoa nje. Kuhama Japani bila kulipia godoro lako ni kumwachia mwenye nyumba deni, na deni hilo atalipa Mwafrika atakayekuja kuomba chumba baada yako.

Mafuta ya kukaangia: usiyamwage kwenye sinki. Madukani kuna unga wa kuyagandisha. Ukishamaliza kukaanga maandazi au sambusa, nyunyiza yakiwa bado ya moto, koroga, acha yapoe, yatakuwa kama keki. Ibanjue, itupe na zinazoungua.

Mfuko wangu wa kwanza uliachwa palepale, umebandikwa stika yenye maelezo mengi. Nilichelewa kuelewa, ukakaa siku mbili. Asubuhi ya tatu bibi wa chumba cha pembeni alinikuta ngazini. Hakunielekeza. Alifungua mfuko wake mwenyewe mbele yangu, akatoa chupa, akaondoa kifuniko, akabandua lebo, akaniangalia, akarudia na ya pili. Kisha akainama na kwenda zake. Kama ni somo, sijawahi kupewa jingine la heshima kama lile.

Huko barabarani utashangaa mji msafi usio na mapipa. Mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sumu ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo mwezi Machi 1995, na watu wakazoea kurudi na takataka zao nyumbani. Weka kimfuko kwenye begi.

Hatua ya 5: Kuoga

Maji ya hodhi si ya kujisafishia, ni ya kujipasha moto na kupumzika. Unajisafisha nje yake, kwenye kigoda, kwa shawa au beseni dogo, unajisuuza povu lote liishe, ndipo unapoingia. Kwenye nyumba ya familia maji hayo ni ya watu wote jioni ile, na mgeni mara nyingi hupewa zamu ya kwanza kwa heshima. Ukivuta kizibo ukayaachia, umewaogea familia nzima. Yaache, funika hodhi, toka.

Kwenye bafu la umma, sento, au chemchemi ya moto, onsen, utaratibu ni uleule, ila mnaoga uchi, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Taulo dogo haliingii majini. Wengine huliweka kichwani. Nywele ndefu zifungwe juu. Jifute kabla ya kurudi chumba cha nguo. Maji yana nyuzijoto 40 na zaidi, kwa hiyo ingia polepole na usikae ukashindana na wazee, watakushinda.

Kama imani au haya haikuruhusu kuvua mbele ya watu, usijilazimishe. Hoteli nyingi za onsen zina bafu la kukodi faragha, kashikiri, kwa dakika 40 au 50. Na mabafu mengi hukataa watu wenye chale za wino mwilini, kwa kuwa zinahusishwa na yakuza, magenge ya wahalifu. Dada aliyetoka harusini na piko mikononi aeleze mapema mapokezini kwamba ni rangi ya kupaka na itatoka.

Hatua ya 6: Treni

Nunua kadi ya kugusisha, Suica au Pasmo ukiwa Tokyo, Icoca ukiwa Osaka. Yoyote kati ya hizo hukubaliwa karibu miji mikubwa yote. Panga mstari kwenye alama za sakafuni. Acha wanaoshuka washuke. Begi la mgongoni lilete mbele. Kwenye ngazi za umeme Tokyo husimama kushoto, Osaka kulia. Ukiwa hujui, simama nyuma ya mtu.

Ndani ya behewa usipige wala kupokea simu. Kuandika ujumbe, kulala, kusoma, ruhusa. Mkikutana Waswahili watatu mtajisahau, mtacheka. Mtaona watu wanawaangalia kisha wanaangalia pembeni. Angalia pia alama ya rangi ya waridi sakafuni: baadhi ya mabehewa ni ya wanawake tu asubuhi.

Ukisikia kwenye tangazo "jinshin jiko", usifikirie mapishi. Jiko kwao ni ajali, na hiyo ni treni iliyogonga mtu. Kaa tayari kuchelewa, na kwa mlinda geti wa stesheni omba cheti cha ucheleweshaji umpelekee mwalimu au bosi. Kweli, wanakitoa, na kweli, wenzako hukiwasilisha kwa dakika saba. Treni ya mwisho huondoka karibu na saa sita usiku. Ikikuacha, teksi ya kurudi itakula chakula chako cha wiki.

Hatua ya 7: Mezani

Sema "itadakimasu" kabla ya kula na "gochisosama" ukimaliza. Bakuli la wali linyanyue mkononi; kuliinamia ndiko kusikopendeza. Tambi zivute kwa sauti, hakuna atakayekusema. Bakshishi usiache, utakimbizwa barabarani urudishiwe. Pesa ya kulipia weka kwenye kisahani kilicho kaunta badala ya mkononi mwa mtu.

Makatazo mawili ya vijiti si adabu ndogo: usivichomeke wima kwenye wali, na usimpokeze mtu chakula kijiti kwa kijiti. Wali uliochomekwa vijiti ni wa marehemu, na mifupa baada ya kuchoma maiti hupokezanwa kwa vijiti na jamaa. Ukilifanya mezani, umeleta msiba.

Mwislamu ajifunze herufi hizi kwa macho: 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe, みりん ni mirini, pombe tamu ya kupikia, na ラード ni mafuta ya nguruwe. Mchuzi wa tambi wa tonkotsu umechemshwa kwa mifupa ya nguruwe hata kama juu huoni nyama. Shin-Okubo, Tokyo, kuna maduka ya halali yenye mchele wa basmati na viungo. Wali wa Kijapani unashikana, usijaribu kuupikia pilau, nilijaribu. Ijumaa, kuna msikiti wa Kobe uliofunguliwa 1935, na Tokyo Camii, uliojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2000.

Hatua ya 8: Maneno, na yasiyosemwa

Mswahili ana bahati huku. Silabi zetu na zao karibu zote zinaishia irabu, kwa hiyo matamshi yako yatasifiwa wiki ya kwanza. Isitoshe, kuna neno ambalo Mwingereza huhangaika kulitafsiri na wewe unalo toka utotoni: "otsukaresama desu". Ni "pole na kazi". Litumie ukimpita mwenzako kazini, ukiondoka, ukimkuta mtu anabeba kitu. "Sumimasen" ni samahani, ahsante na "jamani" kwa pamoja, hadi ya kumwita mhudumu. Na ukiingia kwa mtu, badala ya hodi sema "ojama shimasu": naingia kusumbua. Sisi tunaomba ruhusa, wao wanaomba radhi kabisa.

Maneno mengine yatakuchezea. Mimi ni sikio. Nani ni nini. Kesho ni vipodozi. Na jina la dubu kwa Kijapani utalijua mwenyewe siku utakayolisikia. Lipo pia mwanzoni mwa jina la mkoa mzima kule Kyushu, na mkoa huo una kikatuni cha dubu mweusi kinachopendwa nchi nzima. Usicheke. Na video yake usiitume kwenye kundi la familia.

Mwite mtu kwa jina la ukoo na "san", lakini lako usiliwekee "san", ni kujipandisha. Zawadi toa kwa mikono miwili na epuka vitu vinne, kwa kuwa nne, shi, husikika kama kifo. Ukisafiri, waletee wenzako wa ofisini kisanduku cha vitamutamu, kila kimoja ndani ya karatasi yake.

Kukataa ndiko kugumu. Mjapani atavuta pumzi kwa meno, aseme "chotto…", kidogo, aiache sentensi ikining'inia. Hiyo ni hapana. "Nitafikiria" ni hapana. "Karibu nyumbani siku moja" si mwaliko mpaka itajwe tarehe. Sisi tuliolelewa kumwambia kila apitaye "karibu chakula" tungepaswa kuelewa, maana nasi anayekaribishwa huwa anajua kujibu "ahsante, nimeshiba". Tofauti ni kwamba kwetu akikaa kweli, tunamwongezea maji kwenye mchuzi. Kule usijaribu. Ukialikwa na tarehe, fika kwa dakika ile. Kama utachelewa hata tano, tuma ujumbe.

Hatua ya 9: Tetemeko, kwa ufupi

Simu yako italia kwa sauti ya kutisha sekunde chache kabla. Ingia chini ya meza, shika mguu wa meza, subiri. Usikimbilie nje. Gari la wagonjwa na zimamoto ni 119, polisi 110. Weka viatu na tochi karibu na kitanda kwa sababu ya vioo vilivyovunjika.

Hatua ya 10: Kupiga simu nyumbani

Kuta ni nyembamba na sisi tunaongea na mama kama vile sauti inasafiri kwa miguu hadi Tanga. Baada ya saa nne usiku tumia vipokea sauti, funga dirisha, punguza.

Muda wenyewe hauhitaji hesabu. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita, na saa yetu ya Kiswahili nayo inapishana na mishale kwa sita. Kwa hiyo soma namba iliyo kwenye saa ya ukutani Japani kama ilivyo, itaje kwa Kiswahili, na hiyo ndiyo saa ya nyumbani. Ukutani ni 3 mchana, nyumbani ni saa tatu asubuhi, piga. Waeleze na wao upande wa pili, maana hupenda kukumbuka watu wakishakula, kwenye saa tatu usiku. Kwako mshale uko palepale kwenye 3, ila ni saa tisa usiku, simu inatetemeka juu ya sakafu ya mbao, na jirani wa chini ameshafumbua macho.